Somo: Kwa nini kiazi hulegea katika maji ya chumvi

Anayeandaa kachumbari huvikamua vitunguu kwa chumvi, na baada ya dakika chache vitunguu vilivyokuwa vikakamavu hulainika, huku bakuli likiwa na maji ambayo hakuna aliyeyamimina. Maji hayo yametoka ndani ya seli.

Kwanza, menya kiazi mviringo kibichi, kisha ukikate vipande vinne vyenye urefu wa sentimita 5 na unene usiozidi nusu sentimita. Pili, jaza glasi mbili maji, na katika mojawapo koroga vijiko viwili vya chai vya chumvi. Tatu, tumbukiza vipande viwili katika kila glasi, usubiri saa moja, uvipanguse, uvipime kwa rula na uvikunje taratibu.

Kipande cha maji matupu ni kigumu, na ukizidi kukikunja huvunjika kwa mlio. Cha maji ya chumvi hujipinda kama mpira, nacho kimefupika kidogo.

Utando wa seli hupitisha maji kwa urahisi, lakini huizuia chumvi kwa kiasi kikubwa, hivyo maji huelekea upande wenye vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka, na mwendo huo ndio osmosisi. Katika maji matupu seli hujaa na kuusukuma ukuta wake wa selulosi, ambao hautanuki ovyo, na msukumo huo ndio unaosimamisha hata jani la mchicha. Katika chumvi maji hutoka, utando hubanduka ukutani, na kipande hunyong'onyea. Anayejibu kwamba kiazi kimelainika kwa kuingiwa na chumvi amegeuza jambo juu chini, na kosa hilo ninalisahihisha kila muhula.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nilitumia kiazi kilichochemshwa, sikuona tofauti.*

Marahaba. Moto umeharibu tando za seli, kwa hiyo hakuna tena kinachochagua kipite nini na kizuiwe nini.

*Chembe nyekundu za damu hazina ukuta. Mbona hazipasuki?*

Katika maji matupu hupasuka kweli. Mwilini huelea katika plazima, yaani majimaji ya damu, ambayo ukolezi wake unalingana na wa ndani ya chembe hizo, na ndiyo maana dripu ya chumvi huwa na gramu 9 kwa lita. Zaidi ya hayo, utando wake una pampu inayotumia nishati kutoa ioni (chembe zenye chaji) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Pampu hiyo ikisimama, ioni hurundikana ndani, maji huzifuata, na seli huvimba. Umbo lake la kisahani kilichobonyea katikati hushikiliwa na wavu wa protini uliotandazwa chini ya utando.

*Je, kipande kilicholegea kinaweza kukakamaa tena?*

Kirudishe katika maji matupu mapema, seli zikiwa bado hai, nacho kitaanza kukakamaa. Vyangu viligoma, kwa sababu nilivisahau katika chumvi usiku kucha.