Kompyuta ya mezani inawaka lakini skrini ni nyeusi

Dodoma kiangazi, Mei hadi Novemba, upepo huingiza vumbi jekundu mpaka ndani ya kasha la kompyuta. Feni ikizunguka lakini skrini ikabaki nyeusi, usikimbilie kununua skrini nyingine. Hakikisha kwanza waya wake umekaza pande zote mbili. Ukiwa umekaza, ishuku RAM, kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda inayofanya kazi umeme ukiwepo tu. Mara nyingi tatizo liko hapo.

Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa kasha. Gusa chuma chake kabla ya kitu kingine, maana hewa yetu kavu huujaza mwili umeme tuli, nao huunguza saketi bila wewe kuhisi chochote. Sukuma vibanio vya RAM kwa nje, itoe kwa kushika kingo. Utaona meno ya rangi ya dhahabu: yakiwa na utando mweusi, yasugue taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu. Irudishe ukilinganisha pengo lake na la nafasi yake, kandamiza mpaka isikike "tak". Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

Ukiwa humo ndani, toa vumbi kwenye feni ya prosesa, chipu inayoendesha kazi zote za kompyuta, kwa brashi laini, umeshikilia mapanga yasizunguke. Ikiziba, prosesa hupata joto na kompyuta hujizima ghafla.

Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila ukichomoa umeme, badilisha betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu kwenye ubao mkuu, volti 3.