Mtoto Kaingia Chuo Kikuu: Mzazi Aulize Nini, na Amuulize Nani

Simu za wazazi zinazofika mezani kwangu, katika ofisi ya ushauri wa wanafunzi, nyingi huanza na swali moja: "Mwanangu anahudhuria masomo?" Nami hulazimika kujibu kwamba siruhusiwi kusema. Wengine hukata simu kwa hasira, na siwalaumu. Juzijuzi tu walikuwa wakiitwa shuleni kila alama iliposhuka, leo wanaambiwa hawahusiki.

Tuanze na hilo basi, maana ndilo linaloumiza zaidi. Akishaingia chuo, mwanao huhesabiwa mtu mzima. Matokeo yake, mahudhurio yake, faili lake la zahanati na aliyomweleza mshauri ni vyake. Marekani jambo hili liliwekwa kwenye sheria mwaka 1974: haki ya mzazi juu ya rekodi za masomo humhamia mwanafunzi anapotimiza miaka 18, au anapojiunga na chuo hata kama hajaifikisha. Kwingine kazi hiyo hufanywa na sheria za kulinda taarifa binafsi, kama ile ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Kulipa ada peke yake hakubadilishi kitu.

Unazo njia mbili. Mwanao anaweza kutia saini fomu ya kukuruhusu upewe taarifa, kama chuo chake kinayo. Au akuonyeshe matokeo yeye mwenyewe. Mimi naipenda hii ya pili, ila ina sharti: mkubaliane kabla hajafunga begi, na mkubaliane pia juu ya matokeo mabaya. "Kila muhula ukiisha tutakaa tuangalie pamoja, yawe yalivyo." Kisha siku mabaya yanapokuja, ulimi wako uzuie. Nimekutana na vijana waliokwama mwaka wa pili huku nyumbani wanahesabiwa ni wahitimu watarajiwa, familia imeanza kuchangishana ya sherehe. Kilichowafunga mdomo karibu wote ni hofu ya baba au mama. Kufeli masomo mawili kulikuwa na dawa. Miaka miwili ya kuficha ndiyo iliyoharibu mambo.

Hata hivyo usiogope kupiga simu chuoni. Haturuhusiwi kutoa taarifa, lakini hakuna kinachotuzuia kupokea. Eleza uliyoyaona, si unayoyahisi: hapokei simu tangu Jumapili, ameandika kwamba amechoka kuishi, mwenzake wa chumbani anasema hali chakula. Tutamtafuta. Na maisha yakiwa hatarini, utaratibu wa siri huwa na mlango wa dharura.

Saa za masomo zisizoonekana

Wazazi hushangaa ratiba ya mwanafunzi wa chuo: vipindi viwili leo, kesho hakuna. "Huyu anasoma saa ngapi?" Jibu limo kwenye krediti, yaani kipimo cha kazi yote ambayo somo linamdai mwanafunzi. Katika ECTS, mfumo wa krediti unaotumika Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti inakadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi. Hiyo ni kati ya saa 1,500 na 1,800 kwa mwaka, na mihadhara ni sehemu tu ya saa hizo. Marekani kanuni ya kawaida ni kwamba kila saa moja darasani inadai saa mbili nje ya darasa, hivyo mwenye krediti 15 ana wiki ya saa 45. Jina la mfumo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini hesabu haiendi mbali na hapo: sehemu kubwa ya shahada mtu huisomea mwenyewe, bila mwalimu wa kumsimamia.

Kwa hiyo acha kuuliza "Umekwenda darasani?" Uliza: "Wiki hii unaandika nini, na unakabidhi lini?" Aliye ndani ya masomo atakupa jina la somo na tarehe, pengine na malalamiko juu ya mwenzake wa kikundi asiyefanya kazi. Aliyepotea atasema "poa tu" na kubadilisha mazungumzo. Tofauti hiyo utaisikia hata kwenye simu yenye mtandao mbovu.

Jambo jingine: alama za muhula wa kwanza mara nyingi hushuka, hata kwa aliyekuwa akiongoza shule nzima. Darasani sasa amekaa na walioongoza shule zao pia. Muhula mmoja wa kushuka ni kawaida. Miwili mfululizo inahitaji mazungumzo na mtu.

Mtu gani?

Hapa ndipo wazazi wengi hubaki gizani, na wanafunzi nao pia. Chuo kina watu wengi wa kusaidia, ila hakuna atakayemfuata mwanafunzi chumbani.

Mshauri wa kitaaluma ni mhadhiri aliyepangiwa kundi la wanafunzi. Ndiye wa kuzungumza naye kuhusu masomo ya kuchagua, kubadili kozi, na masomo yaliyofeliwa. Wanafunzi humkimbia kwa sababu wanadhani ni wa kuwakaripia; wengine humaliza shahada bila kujua jina lake. Mwulize mwanao jina hilo katika mwezi wa kwanza. Akilijua, amepiga hatua.

Mlezi wa wanafunzi anashughulikia malazi, ugomvi wa chumbani, nidhamu, misiba ya nyumbani. Kitengo cha ushauri nasaha kipo kwa ajili ya msongo, huzuni, usingizi uliopotea, uhusiano uliovunjika. Kwenda huko hakuandikwi kwenye cheti. Nalisema hili kwa sababu kila mwaka kuna mzazi anayemkataza mtoto asiende "kujiandikia sifa mbaya".

Kama mwanao ana ulemavu, haoni vizuri, ana kigugumizi, au ana ugonjwa wa kudumu, ulizeni kabla ya masomo kuanza kuhusu muda wa ziada kwenye mtihani, maandishi makubwa, au chumba cha chini. Barua ya daktari iwe tayari. Maombi yanayokuja wiki ya mitihani mara nyingi huwa yamechelewa.

Na sasa kanuni ambayo natamani ingebandikwa kila mlango: kuumwa kunaripotiwa kabla ya mtihani. Anayeahirisha kwa utaratibu, akiwa na karatasi ya daktari, kwa kawaida hufanya mtihani huo baadaye kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Anayejikaza, akaingia na homa, akafeli, anaishia kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, na vyuo vingi havimpi alama ya juu hata akijibu yote. Anayekosa bila taarifa anaweza kuhesabiwa amefeli moja kwa moja. Ni ugonjwa uleule, lakini rekodi ni tatu tofauti. Hali ni hiyohiyo kwa anayelemewa na mwaka mzima: kuahirisha masomo kwa barua humwachia nafasi yake, kutoweka kimyakimya humfanya adisko, yaani aondolewe chuoni. Mzazi akisikia "nataka kupumzika mwaka," asikimbilie kufoka. Aulize tarehe ya mwisho ya kuomba.

Kuhusu ada nitasema kidogo tu. Mambo yakiharibika nyumbani, mwambie mtoto ukweli, naye aende ofisi ya fedha kabla ya tarehe ya mwisho. Mwenye barua mkononi wiki mbili mapema hupangiwa awamu. Anayezuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani hana cha kujadili.

Msimwite nyumbani kila wikendi pia. Vincent Tinto, mtafiti wa Marekani, alieleza mwaka 1975 kwamba mwanafunzi hubaki chuoni kadiri anavyoshikamana na masomo na watu wa pale. Mwezi wa kwanza ndio watu wanapata marafiki. Mwache awe huko.

Na kazi je?

Vyuo hupenda kutangaza asilimia kubwa ya wahitimu walioajiriwa. Ukionyeshwa namba hiyo, uliza maswali matatu: ni asilimia ya wahitimu wote au ya waliojibu dodoso, walihesabiwa muda gani baada ya kumaliza, na kazi ya saa chache kwa wiki imehesabiwa? Uingereza wahitimu huulizwa miezi 15 baada ya kumaliza, ilhali zamani waliulizwa baada ya miezi sita tu. Namba mbili za muda tofauti hazilinganishwi.

Kwa udaktari, uuguzi, sheria au uhandisi, swali linalozidi yote ni kama kozi inatambuliwa na bodi ya taaluma, maana bila usajili cheti hakimruhusu kufanya kazi. Anayetaka uhandisi wa kuvuka mipaka aulize kama ithibati ya kozi iko chini ya Makubaliano ya Washington ya 1989, ambayo nchi wanachama hutumia kutambuliana shahada za wahandisi.

Kisha kuna suala la "kujuana". Wazazi humwahidi mtoto kwamba mjomba atamtafutia. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1973 uchunguzi wake juu ya watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, karibu na Boston: wale waliokuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Wengi walisaidiwa na watu wa mbali kidogo, mwenzao wa zamani chuoni au kazini. Mjomba anajua mnayoyajua nyote. Hivyo mafunzo kwa vitendo, vikundi vya wanafunzi, na mhadhiri anayemkumbuka kwa jina vina thamani kuliko wazazi wanavyodhani. Kijana akitaka kutumia likizo akijitolea mahali bila malipo makubwa, kama mnaweza kumudu, mwacheni.

Akihitimu na miezi ikapita bila kazi, usidhani mlango wa chuo umefungwa. Ofisi nyingi za ajira chuoni hupokea wahitimu pia, husoma wasifu wao na kuwafanyisha majaribio ya usaili. Arudi na wasifu aliouandika mwenyewe na tangazo moja la kazi anayoitaka, vyote vimechapwa, na aombe miadi mapema, kabla wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawajaijaza ofisi.