Antena ya redio kwenye mtaa wenye HOA: mwongozo kwa Waafrika Mashariki walioko Marekani

Nyumba nyingi zilizojengwa miaka ya karibuni Texas, Georgia, North Carolina au Florida huuzwa pamoja na uanachama wa HOA, yaani chama cha wamiliki wa nyumba wa mtaa. Chama hicho kina masharti yaliyosajiliwa pamoja na hati ya ardhi, na ukitia saini ya kununua umeyakubali, uwe umeyasoma au hujayasoma. Kwa mtu wa redio ya ridhaa, yaani anayewasiliana hewani kwa leseni na si kwa biashara, sharti linalouma ni lile la antena za nje.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi hudanganyana. Kanuni ya mwaka 1985 ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, inayojulikana kama PRB-1 inazitaka serikali za majimbo, kaunti na miji ziiachie antena ya redio ya ridhaa nafasi ya kuridhisha. Inaibana serikali tu. HOA ni mkataba kati yako na majirani, na PRB-1 haiugusi. Kanuni nyingine, OTARD ya mwaka 1996, ndiyo inayovibana vyama hivi, ila inalinda madishi ya setilaiti yasiyozidi mita 1, antena za TV na za intaneti. Kwa hiyo jirani akikuambia "mimi dishi langu halikuguswa, na wewe weka antena yako", anasema kweli kuhusu dishi lake na anakupotosha kuhusu antena yako. Muswada wa kuwalinda watu wa redio dhidi ya HOA ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2016 na tena 2017, na mara zote mbili haukufika mwisho katika Seneti. Usinunue nyumba kwa kutegemea muswada.

Kilichobaki ni maneno yenyewe ya masharti, na hapa inafaa kutulia. Omba hati kamili kabla ya kufunga mauzo, si muhtasari wa dalali. Tafuta "antena", "mlingoti", "waya", "redio", kisha angalia sentensi imeandikwaje. Ikisema hakuna antena inayoonekana kutoka barabarani, una nafasi kubwa: dari, ua wa nyuma, waya mwembamba. Ikisema hakuna antena yoyote nje ya jengo bila kibali, dari ni yako na nje unaomba. Ikikataza kurusha mawimbi ya redio popote ndani ya kiwanja, hata antena ya darini imekatazwa. Sentensi hiyo ya tatu ipo kwenye baadhi ya mitaa, na kwa maoni yetu ni sababu tosha ya kutafuta nyumba nyingine. Kwa nyumba za kuungana, uliza pia dari ni ya nani, kwa sababu paa na ukuta wa nje mara nyingi ni mali ya chama, na tundu moja la kupitishia kebo tayari ni kosa.

Ukiomba kibali, omba kwa maandishi na uombe kitu kidogo. Ambatanisha mchoro wa kiwanja, mahali, urefu, rangi, na picha iliyopigwa kutoka barabarani. "Waya mmoja mweusi wa unene wa milimita 1, kutoka ukingo wa paa hadi mti wa nyuma" hupita penye kamati ambayo ingekataa "mnara". Angalia kama masharti yenu yana kipengele kinachosema kamati isipojibu ndani ya siku kadhaa ombi limekubaliwa. Vipo vyama vyenye kipengele hicho, na tarehe ya kupokelewa kwa barua ndiyo silaha yako. Ukiamua kuficha bila kuomba, faini na kesi ni juu yako.

Leseni yenyewe haina usumbufu. FCC haidai uraia. Inayemkataa ni mwakilishi wa serikali ya kigeni. Mtihani wa Technician, ngazi ya kwanza, una maswali 35 na unapita kwa 26, ada ya FCC ni dola 35, na leseni inadumu miaka 10. Lakini kwa sauti kwenye mawimbi mafupi (HF), yale yanayofika mbali, Technician ana kipande kimoja tu, 28.300 hadi 28.500 MHz. Anayetaka kuongea na Nairobi au Dar afanye na wa General, ngazi inayofuata, siku hiyo hiyo.

Dipoli ya darini

Kwa nyumba yenye paa la vigae vya lami, hii ndiyo ya kuanza nayo: waya wenye pande mbili sawa, kebo ikiunganishwa katikati. Ingia darini na tochi kwanza. Paa la bati, au karatasi ya alumini inayong'aa iliyogongwa chini ya mbao za paa kuzuia joto, ni ukuta kwa mawimbi. Acha, nenda kwenye njia nyingine. Kama ni mbao tupu, pima urefu wa uti wa paa na uangalie mabomba ya kiyoyozi na nyaya za umeme zinapita wapi. Antena ikae walau mita 1 mbali navyo.

Urefu wa jumla wa dipoli kwa mita ni 143 gawanya kwa masafa katika MHz. Kwa 14.2 hiyo ni kama mita 10.1, kila upande 5.05. Usikate hapo hapo. Ganda la plastiki la waya na mbao zilizo karibu hushusha masafa ya antena, lakini ni rahisi kupunguza kuliko kuunga, kwa hiyo anza na 10.4. Pima kwa NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena. Tuseme SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) ya chini kabisa imeangukia 13.8: zidisha 10.4 kwa 13.8, gawanya kwa 14.2, unapata 10.11. Inabidi kutoa sentimita 29, yaani 14.5 kila upande. Kata nusu yake kwanza, pima tena, ndipo umalize. Dari ikiwa fupi, pinda mita ya mwisho ya kila upande ishuke au ikate kona. Mkondo mkubwa uko katikati, na ncha zikipinda hupotezi kitu cha maana.

Katikati, pale kebo inapoungana na waya, weka kizuizi: pete ya feraiti ya FT240-31 iliyozungushiwa kebo mara 10 hadi 12. Tumia kebo ya RG-58 au RG-400. RG-8X ina povu ndani, na ukiikunja kwa nguvu kwenye pete waya wa kati huhama polepole kuelekea ganda. Bila kizuizi, ganda la nje la kebo linakuwa sehemu ya antena na linashuka na mawimbi hadi mezani kwako, ukutani, na kwenye nyaya za umeme.

Ncha za antena zina volti kubwa hata kwa wati 100. Zifunge kwa kamba ya nailoni, zisiguse mbao wala sufi ya kuzuia joto. Na kwa kuwa huenda kuna chumba cha kulala chini yake, fanya hesabu ya usalama wa mionzi. Sheria inayomtaka kila mwenye kituo afanye tathmini hiyo ilianza kutumika Mei 2021, na ARRL, chama cha redio ya ridhaa cha Marekani, wana kikokotoo mtandaoni.

Waya wa nje na mlingoti wa bendera

Penye mti ua wa nyuma, waya wa kulishwa mwishoni hufanya kazi nzuri kuliko dari nyingi. Mita 20.2 za waya mweusi wa 26 AWG (kipimo cha Marekani cha unene wa waya) zinakupa bendi za mita 40, 20, 15 na 10. Transfoma ya 49 kwa 1 unaitengeneza mwenyewe: pete ya FT240-43, mizunguko 2 upande wa redio, 14 upande wa antena, na kapasita ya pF 100 ya volti 3,000 sambamba na ile mizunguko 2. Itie kwenye kisanduku cha kijivu cha umeme chini ya ukingo wa paa. Kinachowakamatisha watu hapa si waya. Ni kamba nyeupe ya kufungia na kisanduku kipya kinachong'aa.

Florida ina mlango wake. Sheria ya jimbo, kifungu 720.304, inamruhusu mwenye nyumba kusimamisha mlingoti wa bendera usiozidi futi 20, yaani mita 6.1, hata masharti ya HOA yakisema vingine, mradi usizibe macho ya madereva kwenye makutano wala usisimame kwenye ukanda uliotengwa kwa njia za huduma. Sheria ya taifa iliyotiwa saini mwaka 2006 inalinda bendera ya Marekani yenyewe. Usiisome kama ruhusa ya mlingoti katika kila jimbo. Nunua mlingoti wa faibaglasi, pitisha ndani waya wa mita 5 kwa bendi ya 20, na chini tandaza nyaya 16 za mita 5 kila moja, jumla mita 80. Fyeka nyasi chini kabisa kwanza, kaza kila waya kwa pini za bustani kila sentimita 30. Baada ya wiki chache nyasi zimezimeza. Pini zikiwa chache, mashine ya kukatia nyasi itazivuta zote kwa mpigo mmoja. Fimbo ya arthi ya mita 2.44 iunganishwe na arthi ya nyumba kwa shaba isiyo nyembamba kuliko 6 AWG, na kabla ya kuigonga piga 811 waje kuonyesha mabomba na nyaya zilizozikwa. Mawingu ya radi yakikusanyika, chomoa kebo.

Na penye masharti makali mno, kuna fimbo ya kukunjua ya mita 10: unaisimamisha saa mbili usiku, unaishusha kabla hujalala. Angalia tu kama masharti yanakataza hata vitu vya muda.

Jirani hugundua kwa spika kabla ya macho

Malalamiko mengi huanzia kwenye usumbufu. Taa inapepesa, kikata umeme cha chumbani kinajizima, mlango wa gereji unafunguka, spika inaguna. FCC inasema vifaa vya kawaida vya nyumbani vinapaswa kuvumilia, ila hoja hiyo haina maana mbele ya kamati yenye hasira. Shusha nguvu. Kutoka wati 100 hadi 25 ni desibeli 6, alama moja tu kwenye mita ya mwenzako, na nusu ya matatizo huisha. Kisha funga vishikizo vya feraiti vya aina ya 31 kwenye nyaya za vifaa vya nyumbani kwako. Vyako vikitulia, huna haja ya kugonga kwa jirani.

Kelele zinazoingia zitafute hivi: washa redio kwa betri ya volti 12, zima swichi kuu ya nyumba, sikiliza, kisha rudisha kikata kimoja kimoja. Chaja za simu, taa za LED na mitambo ya sola ndio washukiwa wa kawaida.

Kuelekea nyumbani

Kutoka New York hadi Nairobi ni kama kilomita 11,800, na njia fupi inaelekea digrii 77, karibu mashariki. Kutoka Dallas ni digrii 64. Dipoli hurusha ubavuni, kwa hiyo kwa mtu wa New York waya ulale karibu kaskazini kwenda kusini, na kwa wa Dallas uegemee kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Bendi za 15 na 10 zisikilize kuanzia saa tatu asubuhi ya New York wakati wa kiangazi, ambapo Nairobi ni saa kumi jioni. Bendi ya 20 hufunguka zaidi mchana, nyumbani kukiwa usiku. Sikiliza alama za 5Z Kenya, 5H Tanzania, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, 9Q Kongo na A4 Oman. Kwa antena dhaifu, FT8, njia ya kutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta, kwenye 21.074 au 14.074 MHz itakuonyesha kama mawimbi yako yanafika kabla hujapoteza sauti.

Kiswahili kinaruhusiwa hewani. Alama yako ya wito tu ndiyo itajwe kwa Kiingereza, kila baada ya dakika 10 na mwisho wa mazungumzo. Lakini mama yako aliyeko Nairobi hawezi kushika maikrofoni ya mtu wa redio wa huko aongee nawe kama hana leseni, isipokuwa Marekani na Kenya zina makubaliano ya ujumbe wa watu wengine. Orodha ya nchi zenye makubaliano hayo iko FCC. Itazame kabla ya kumwita.