Kupima hatari ya moto wa msituni kabla ya kujenga nyumba Victoria, Australia

Nyumba inayojengwa kando ya msitu katika jimbo la Victoria huokolewa au hupotezwa, kwa sehemu kubwa, siku ile mwenyewe anapoamua isimame wapi ndani ya kiwanja, na uamuzi huo mara nyingi hufanywa kabla ya mtu yeyote kupima chochote. Kazi yangu ni kuchora nyumba na kutathmini viwanja vya aina hiyo. Mwongozo huu nimewaandikia wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Australia kutoka Congo, Burundi, Kenya na Tanzania, ambao sasa wananunua viwanja pembezoni mwa miji ya ndani, ambako ardhi ni nafuu na miti iko karibu.

Hatua ya 1: Soma hati kabla ya kulipa

Huko Victoria, muuzaji wa ardhi anawajibika kisheria kumpa mnunuzi taarifa ya kiwanja, na taarifa hiyo lazima ieleze kama kiwanja kimo katika eneo lililotangazwa kuwa na hatari ya moto. Hakikisha pia kwenye ramani ya serikali iitwayo VicPlan, ambayo ni ya bure. Ikiwa kimo, nyumba itajengwa kwa kiwango kisichopungua BAL-12.5 (BAL, Bushfire Attack Level, ni kipimo cha ukali wa moto wa msituni unaoweza kuifikia nyumba). Ikiwa kiko pia chini ya masharti ya ziada ya mipango miji kuhusu moto, basi utahitaji kibali cha mipango kabla ya kibali cha ujenzi, na gharama hiyo ni vizuri uijue wakati bado unaweza kujadili bei.

Viwango vya BAL ni sita: LOW, 12.5, 19, 29, 40 na FZ. Namba hizo ni kilowati za joto la mnunurisho (joto linalofika bila ndimi kugusa) zinazotarajiwa kuifikia kila mita ya mraba ya ukuta, na FZ ni pale ambapo ndimi zenyewe za moto zinaweza kuigusa nyumba.

Hatua ya 2: Tambua uoto ndani ya mita 100

Zunguka pande zote, hata ndani ya ardhi ya jirani kwa kuitazama kutoka mpakani, kwa maana moto hautambui hati miliki. Kiwango cha ujenzi cha Australia, AS 3959, hugawa uoto katika makundi kama msitu, miti iliyoachana, vichaka na nyasi, na kila kundi lina hesabu yake. Bustani inayotunzwa, majani yanayofyekwa na mashamba ya mizabibu kwa kawaida hayahesabiwi. Msitu ulioungua hivi karibuni huhesabiwa kama utakavyokuwa ukishakua tena, kwa hiyo usifarijike kwa kuona vigogo vyeusi vilivyo wazi.

Mikaratusi tunayoifahamu Afrika Mashariki kama miti ya nguzo na kuni asili yake ni huku. Katika msitu wake wa asili huangusha magome na majani yenye mafuta mwaka mzima, na aina zenye magome ya nyuzinyuzi huyaachia yakiwa yanawaka, yakabebwa na upepo mbele ya moto kwa kilomita kadhaa. Andika aina ya magome unayoyaona; mtathmini atakuuliza.

Hatua ya 3: Pima mteremko ulio chini ya uoto

Hapa ndipo watu wengi hukosea: wanapima mteremko wa kiwanja chao, ilhali unaotakiwa ni wa ardhi ambayo msitu umesimama juu yake. Moto unaopanda huongeza kasi karibu maradufu kwa kila digrii 10 za mwinuko, kwa sababu ndimi zake huinamia miti iliyo mbele na kuikausha kabla ya kuifikia. Msitu ulio bondeni, chini ya nyumba, ni hatari kuliko ule ulio juu yake.

Chukua mfano wa msitu katika maeneo mengi ya Victoria, ukiondoa yale ya milima mirefu. Ardhi ikiwa tambarare, nyumba iliyo mita 25 kutoka ukingo wa miti huingia BAL-29, na chini ya mita 19 iko FZ. Msitu ukiwa kwenye mteremko unaoshuka kutoka kwenye nyumba kwa digrii kati ya 15 na 20, utahitaji mita 61 ili kupata BAL-29 hiyohiyo.

Hatua ya 4: Isogeze nyumba kwenye karatasi

Sasa chora mistari ya umbali juu ya ramani ya kiwanja na uisogeze nyumba. Kusogea mita 10 mbali na miti kunaweza kukushusha daraja zima, na tofauti ya gharama kati ya BAL-29 na BAL-FZ, kwenye madirisha, milango na kuta, ni kubwa kuliko ile ya kurefusha njia ya gari. Mandhari nzuri ya bonde ndiyo hasa inayowavuta wateja kwenye ukingo wa kilima, nami huwaomba waitazame kutoka mita 30 nyuma.

Fikiria pia upepo. Siku mbaya za Victoria huanza kwa upepo wa joto kutoka kaskazini, kisha upepo wa baridi huingia kutoka kusini-magharibi, na ubavu mrefu wa moto hugeuka kuwa uso wake. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 7 Februari 2009, siku iliyoua watu 173 na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000. Usiutazame upande mmoja tu wa kiwanja.

Hatua ya 5: Ziba njia za cheche

Nyumba nyingi haziunguzwi na ukuta wa moto. Huunguzwa na cheche zinazoingia kwenye upenyo mdogo na kukaa humo kimyakimya, pengine saa kadhaa baada ya moto kupita na watu kudhani wamesalimika. Kwa hiyo mwambie mjenzi, kwa maandishi, kwamba matundu ya hewa na madirisha yanayofunguka yawe na wavu wa chuma usioshika kutu, wenye matundu yasiyozidi milimita 2. Wavu wa plastiki wa kuzuia mbu huyeyuka mara moja.

Kagua maungio ya paa na ukuta, hasa chini ya vigae na kwenye mikunjo ya mabati. Penu zifungwe kabisa. Sehemu ya ukuta iliyo milimita 400 za mwanzo kutoka ardhini au kutoka sakafu ya baraza ipewe uangalifu wa pekee, kwani hapo ndipo majani makavu na cheche hukusanyika. Baraza la mbao lenye nafasi wazi chini yake, ambamo watu huweka kuni na mitungi ya gesi, mimi hushauri liachwe kabisa, lijengwe la zege.

Hatua ya 6: Nafasi, maji na njia

Ndani ya eneo la ulinzi, yaani nafasi inayoizunguka nyumba ambamo uoto hupunguzwa, masharti ya Victoria hutaka majani yawe mafupi majira ya moto, matawi ya chini yawe mita 2 juu ya ardhi, miti isiinamie paa, na mimea inayozidi sentimita 10 isipandwe ndani ya mita 3 kutoka kwenye kioo. Kiwanja kinachozidi mita za mraba 1,000 chini ya masharti hayo huhitaji tangi la lita 10,000 kwa ajili ya kuzima moto. Liwe la chuma au zege. Njia ya gari iwe na upana wa mita 3.5 na uwazi wa mita 4 kwenda juu.

Hatua ya 7: Panga kuondoka

AS 3959 haiahidi kwamba nyumba itasalimika, wala haiahidi uhai wa aliyemo. Tangu Septemba 2022, Australia hutumia ngazi nne za hatari ya moto, na ngazi ya juu kabisa, ya maafa, inamaanisha kuondoka usiku uliotangulia au alfajiri, kabla ya kuona moshi. Andikeni mpango huo kwa Kiswahili ikiwa ndiyo lugha ya wazee mlio nao nyumbani, mwonyesheni kila mmoja ni gari lipi atapanda na barabara ipi itafuatwa, na muweke VicEmergency, programu ya tahadhari za dharura ya Victoria, pamoja na namba ya dharura 000 kwenye kila simu.