Somo: Kuingiza Historia za Batwa, Benet na Ik katika Mada Tunazofundisha Tayari

Walimu wengi wanaotaka kufundisha historia ya jamii zilizowekwa kando huandaa kipindi kimoja cha pekee, wakaonyesha ngoma, upinde na mzinga wa nyuki, kisha wakarudi kwenye muhtasari kana kwamba hakuna lililosemwa. Njia hiyo siipendekezi. Historia ya jamii hizi za Uganda (Batwa wa misitu ya kusini-magharibi, Benet wa Mlima Elgon upande wa mashariki, na Ik wa kaskazini-mashariki) imo ndani ya mada zilezile tunazofundisha kila mwaka, yaani utawala wa kikoloni, hifadhi za taifa, Katiba na haki za raia.

Hatua ya kwanza. Fungua azimio lako la kazi na utafute mahali ambapo jamii hiyo ilistahili kutajwa lakini haikutajwa. Usiongeze mada mpya.

Hatua ya pili. Yape matukio tarehe zake. Bwindi na Mgahinga zilitangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 1991, na Batwa, ambao msitu uliwapa asali, nyama na viazi vya mwitu, wakazuiwa kuishi humo. Kwa kawaida tunapofundisha mada hii tunaishia kwenye gorila wa milimani na fedha za watalii. Chora mstari wa wakati ubaoni: kushoto andika 1991, na kulia Agosti 2021, Mahakama ya Katiba ilipoamua kwamba kuondolewa kwa Batwa bila fidia kulikiuka haki zao. Katikati acha nafasi tupu, kisha waulize wanafunzi: familia iliyotoka msituni ililala wapi, ililima shamba la nani, na watoto wake walisomea wapi? Majibu yao yaandikwe katika nafasi hiyo, hata yale ya kubahatisha, ili baadaye yalinganishwe na maelezo ya wazee.

Kwa shule za Kween, Bukwo na Kapchorwa mstari huanza mapema zaidi. Mwaka 1936 msitu wa Mlima Elgon ulikuwa hifadhi ya msitu; mwaka 1983 sehemu yake ikatengwa ili Benet wapewe makazi; mwaka 1993 ukawa hifadhi ya taifa; na mwaka 2005 Mahakama Kuu, kwa hukumu iliyotokana na makubaliano ya pande zote, ikawatambua Benet kuwa wenyeji wa kihistoria wa eneo hilo.

Hatua ya tatu. Leta Katiba yenyewe darasani. Jedwali la Tatu linaorodhesha jamii za wenyeji zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na baada ya marekebisho ya mwaka 2005 zilifikia 65. Wanafunzi watawakuta Batwa na Ik, lakini Benet hawatawaona. Waache wajadili sababu na matokeo yake.

Hatua ya nne. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Kabla ya kuandika andalio la somo, nenda kwa wazee wa jamii husika, uwaulize wanajiita nani, yapi yasemwe mbele ya watoto na yapi yabaki kwao. Ukishaandika, rudi uwasomee. Ik wa Kaabong wanajua gharama ya kuandikwa bila kuulizwa, kwani kitabu cha mgeni aliyewakuta wakati wa njaa, kilichotoka mwaka 1972, kiliwaonyesha kuwa watu wasio na huruma, na ingawa watafiti waliofuata wamekipinga, sifa hiyo imewaandama.

Maswali ya walimu

*Swali: Ndugu mwalimu, darasani kwangu huku Kisoro nina watoto wawili wa Kitwa. Nikitaja Batwa tu, darasa zima huwageukia. Nifanyeje?*

Jibu: Usimfanye mtoto shahidi wa jamii yake. Anza na ramani na sheria, zungumza na wazazi wake mapema, na simulizi liletwe na mtu mzima aliyekubali kuja. Mtoto akitaka kuongeza neno, apewe nafasi kama mwenzake yeyote.

*Swali: Mwalimu mkuu anasema mambo haya hayatoki kwenye mtihani.*

Jibu: Katika mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, tathmini endelevu inachangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho. Kazi ya mstari wa wakati inafaa kabisa kupewa alama huko. Mwonyeshe mwalimu mkuu mada ya muhtasari inayoihusu, naye atakuwa na msingi wa kuikubali.

*Swali: Sisi tuko Luweero, mbali na misitu hiyo. Je, somo hili linatuhusu?*

Jibu: Linawahusu sana, kwa kuwa mnao Wanubi wa mji wa Bombo. Asili yao ni askari waliotoka Sudan, waliokuwa chini ya Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria, ambao Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwachukua mwaka 1891. Mnapofundisha kuingia kwa Waingereza, waulizeni wazee wa Bombo familia zao zilifikaje pale, na nini kiliwapata wajane wa askari hao.

*Swali: Wazee wakiomba malipo?*

Jibu: Nauli, chakula na fidia ya muda wao ni haki yao, na kiasi kikubaliwe kabla ya siku yenyewe. Mkiwarekodi, waachieni nakala.