Kuwasha pampu ya maji kwa Linux na redio ndogo ya 433 MHz

Kwangu Bugarika nyumba imekaa juu ya mawe, pampu iko chini kando ya barabara. Kupitisha waya kwenye majabali yale ni balaa, nikanunua soketi ya rimoti. Hivi ndivyo nilivyoiunganisha na Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya ubao mmoja inayotumia Linux (Pi 5 inagoma na programu ya rpi-rf ninayotumia hapa).

Hatua ya 1: waya. Kitumaji FS1000A: VCC kwenye 5V, GND kwa GND, DATA kwenye GPIO 17 (GPIO ni pini za Pi za kupitisha ishara), yaani pini ya 11 ya ubao. Kipokezi nacho kinakula volti 5, lakini DATA yake usiipeleke moja kwa moja. Pi inavumilia 3.3 tu. Pitisha kwenye rezista ya kiloomu 10 hadi GPIO 27, kisha ya 20 kutoka hapo hadi GND.

Hatua ya 2: antena. Lehemu waya wa sentimita 17.3 kwenye kila kimoja. Ni robo ya wimbi, na bila huo hutoki chumbani.

Hatua ya 3: nasa namba za rimoti.

python3 -m venv redio
redio/bin/pip install rpi-rf
redio/bin/rpi-rf_receive -g 27

Shikilia kitufe karibu na kipokezi. Zitamwagika namba nyingi, kwani kipokezi hiki cha bei chee husikia hata upepo. Chukua inayojirudia, mfano 5510451, pamoja na pulselength yake, yaani urefu wa pigo. Fanya hivyo kwa kuwasha na kwa kuzima.

Hatua ya 4: tuma.

redio/bin/rpi-rf_send -g 17 -p 350 -t 1 5510451

Badala ya 350 na 5510451 weka pulselength na namba yako. Mezani iliitika, kule chini kimya. Nikaihamishia Pi dirishani, ikakubali. Linux ikiwa na kazi nyingi mapigo huyumba, kwa hiyo kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux) naituma mara tatu.

Sasa penyewe: redio hii inaita tu, haisikii jibu. Usiku mmoja amri ya kuzima ilipotea, simtanki likafurika hadi alfajiri. Jirani wa chini akanipigia: "Baba Neema, leo unamwagilia mawe?"

Tangu hapo nina koki ya boya ndani ya tanki na swichi ya presha kwenye pampu. Tanki likijaa boya linafunga, presha inapanda, pampu inakatika yenyewe. Fundi umeme pia aliweka kontakta (swichi ya umeme mkubwa inayoendeshwa na soketi), maana mota ikianza huvuta umeme mwingi na soketi ilishaanza kunuka.

Geti usiliguse kwa njia hii. Namba haibadiliki, na mwenye kipokezi kama chako anainasa akiwa barabarani.