Kubadili sinki la choo nyumba ya zamani: anza na bomba

Mama mmoja wa Chumbageni, Tanga, aliniita nimfungie sinki jipya kwenye nyumba ya wazee wake. Sinki zuri, jeupe, ila la P: mdomo wake unatokea nyuma, kuelekea ukutani. Tundu la nyumba ile liko sakafuni, linataka la S, ambalo mdomo wake unatokea chini. Likarudi dukani kwa bajaji. Kwa hiyo pima kabla ya kununua, toka ukutani hadi katikati ya tundu.

Maji funga kwenye mita, usiamini koki ya chooni. Koki iliyokaa miaka bila kuguswa hukatika shingo. Mimi ilinikatikia nikiwa bado saidia fundi, nikaziba bomba kwa kidole gumba mpaka mwenzangu akaipata mita, imefukiwa nyuma ya banda la kuku.

Bomba la chuma la nusu inchi lishike kwa spana mbili: moja izuie lililo ukutani, nyingine ifungue. Ukitumia moja, uzi unakatikia ndani ya ukuta, na hapo utavunja vigae. Kisha chungulia ndani. Kama kutu imebakiza tundu la kalamu, achana nalo, pitisha bomba jipya la plastiki nje ya ukuta. Halipendezi, najua.

Sinki la zamani likaushe maji, halafu ling'oe kwa tindo ndogo, ukipiga kuelekea kwenye sinki, kamwe si kuelekea bomba la uchafu. Nyumba hizi nyingine zina bomba la udongo, likipata ufa umekwisha. Ukikuta la kijivu lililo kama saruji, huenda ni asibesto: usiliguse kwa grenda, vumbi lake linaua mapafu.

Ziba tundu kwa tambara lenye kamba, kamba ibaki nje. Kabla ya kufunga sinki jipya, toa tambara, mwaga ndoo ya lita 20, na mtu asimame kwenye chemba ya maji machafu nje aone yanavyofika. Pale Chumbageni maji yalikuja yakijikongoja. Mizizi ya mwembe ilikuwa imeingia kwenye maungio. Tulizibua siku nzima. Kufunga sinki kwenyewe kulichukua saa moja: raba ya kuungia, kifaa cha pima maji kuona limekaa sawa, skrubu zikazwe kwa zamu na kwa mkono mwepesi, kauri haipendi nguvu. Usilijengee kwa simenti. Pitisha silikoni kuzunguka kitako, nyuma uache nafasi ya kidole, likivuja ulione.

Vuta maji mara tano, halafu papasa kitako kwa karatasi kavu.